Kicheko Katika Chumba cha Picha

Walikutana kwa kugongana. Ukumbi wa mapokezi wa hospitali ulikuwa umefurika asubuhi ile, machela zikipishana, watoto wakilia, karani akiita majina ambayo wenyewe hawayasikii. Dada mpiga picha za eksirei alitoka chumbani kwake mbio, koti jeupe halijafungwa vifungo, akamkumba kijana mrefu aliyebeba kompyuta mkononi na nyaya begani. Nyaya zikatawanyika sakafuni.

"Samahani kaka, sikukuona."

"Na urefu wote huu?" Kijana alichuchumaa kuokota nyaya. "Mimi ndiye fundi wa mtandao mliyemwita."

"Tumekuita tangu juzi!"

"Basi nigonge tena, nimestahili."

Dada akacheka kabla hajajizuia. Alikuwa na kilemba cha zambarau, hereni ndogo, na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Fundi alimtazama kidogo kuliko alivyotaka, maana aliona haya.

Tatizo lenyewe lilikuwa la ajabu. Picha za vichwa vya wagonjwa, za mashine ya CT inayoonyesha hadi ndani ya ubongo, zilisomwa na daktari bingwa aliyekuwa hospitali kuu, mji mwingine. Tangu wiki iliyopita hazikuwa zikifika. Bingwa akiandikiwa ujumbe, anaupata papo hapo. Akitumiwa picha, inaanza kwenda, kisha inaganda.

"Kwa hiyo mtandao upo na haupo," dada alilalamika.

Chumbani, Fundi alikaa kwenye kiti cha dada bila kukaribishwa, akatuma pakiti ya majaribio, kifurushi kidogo cha data. Ikaenda na kurudi. Akaongeza ukubwa. Ikarudi. Akaongeza tena, na safari hii kimya.

"Umeona? Picha haiendi nzima, inakatwakatwa kuwa pakiti. Wiki iliyopita kampuni yetu iliweka njia mpya yenye ulinzi, na kila pakiti inavishwa bahasha juu yake. Ikivishwa inanenepa. Huko mbele kuna kifaa hakipitishi unene huo. Kinaitupa."

"Na hakisemi?"

"Kinapaswa kurudisha neno, kwamba punguzeni ukubwa. Ila mtu kaliziba hilo neno njiani. Sasa mashine yako inangoja jibu lisilokuja."

"Maskini," dada akasema, akiipapasa mashine kama mgonjwa.

Fundi akapunguza ukubwa wa pakiti kwenye ruta, kile kisanduku kinachosambaza mtandao, na picha zilizorundikana zikaanza kuondoka moja moja. Alipofunga begi lake hakuondoka.

"Wenzako wanakuitaje? Nimesikia muuguzi akisema jina la ajabu."

"Usipumue." Aliinamisha uso. "Kwa sababu ndilo neno ninalowaambia wagonjwa kutwa nzima."

"Basi Bi Usipumue, nipe namba yako, nami nipumue."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haikuchukua muda wauguzi wakajua kwamba mtandao wa chumba cha picha unaharibika mara nyingi kuliko wa hospitali nzima. Fundi alikuja na shati lililopigwa pasi, akakagua waya mzima, akaondoka anachekelea. Jioni walitembea pamoja hadi nyumbani kwa wazazi wa dada, ambako mama yake, fundi cherehani, alishona barazani huku ameuma pini mdomoni.

"Mkwe, suruali yako fupi," mama alimwambia siku ya kwanza, pini zikiwa mdomoni bado. "Vua nikushushie pindo."

"Mama!" binti akapiga kelele.

"Sijasema avue hapa."

Fundi alimpenda mama yule kama alivyompenda binti. Yeye mwenyewe alilelewa na shangazi asiyejua mzaha. Mama alipomuuliza posa inakuja lini, alijibu, "Nikimaliza kazi ya mnara wa mtandao, mama. Nakuja na shangazi." Wote wakaamini, maana alikuwa mkweli.

Kazi ya mnara ilimpeleka mji wa mbali. Alasiri moja, akifunga mnara juu ya paa la ghala, jua likimchoma kisogo, simu ikalia.

"Picha zimekwama tena," dada alisema.

"Zimekwama, au umenikumbuka?"

"Fundi, niambie cha kufanya."

"Ah, leo sina hata 'mpenzi'? Haya. Weka simu kwenye spika, kaa kwenye kompyuta. Tuma pakiti ile ya mwanzo."

Alisikia vidole vikigonga. "Haijarudi."

"Basi wamehamishia njia nyingine, nyembamba zaidi, na hawakuniambia. Punguza kwa mia." Akangoja. "Vipi?"

"Hapana."

"Punguza tena. Usiogope, mpenzi. Nikiitibu hiyo mashine yako, utanilipa nini?"

"Chochote."

"Chochote! Mliopo humo ndani, ninyi mashahidi!" Akacheka kile kicheko chake kikubwa, kikajaa chumba kizima cha picha.

Upande wa pili wa kioo, kwenye kitanda cha mashine, alilala mama. Mdomo ulikuwa umepinda, mkono mmoja ukivutavuta shuka. Alikuwa ameangukia cherehani. Muuguzi aliyemshika miguu alisikia kicheko kile, akamtazama dada, kisha akatazama chini.

"Imerudi," dada alisema.

"Umeona! Sasa weka kipimo hicho kwenye mashine, halafu tuma."

Picha zikaondoka. Dada akakata simu bila kuaga. Fundi akaitazama simu yake, akatabasamu, akarudi kwenye kazi.

Bingwa alipiga simu baada ya muda mfupi. Alizungumza taratibu sana, na dada, aliyekwisha kuiona picha ile kwa macho yake, alijua kabla hajamaliza. Damu ilikuwa imeenea. Hapakuwa na cha kupasua. Mama alifariki kabla jua halijazama, mume wake ameshika kidole chake chenye alama za sindano.

Fundi aliambiwa na muuguzi. Alishuka paani akaacha vifaa vyote juu, akasafiri na nguo za kazi. Alimkuta dada msibani, amejifunika khanga nyeusi.

"Pole, mpenzi wangu. Pole sana."

"Ulicheka."

"Sikujua. Hukuniambia ni mama."

"Ulicheka, naye alikuwa anasikia."

Fundi aliinuka. Alibeba jeneza pamoja na wanaume wengine, akatupia udongo, akaondoka. Tangu siku hiyo simu zake hazikupokewa.

Akaishi na neno jingine lililomla ndani, kwamba picha zilichelewa kwa sababu ya njia ya kampuni yake. Alikwenda hospitali kuu, akamngoja bingwa nje ya mlango.

"Zingefika mapema, angepona?"

Bingwa alivua miwani. "Hapana, kijana. Hata ningekuwa nimesimama pale pale."

Akaenda na jibu hilo mbio nyumbani kwa dada. Alikuta mlango wazi na masanduku barazani. Baba alitaka kurudi mji aliozaliwa, na dada alikuwa amepata uhamisho ili amtunze.

"Nimeongea na bingwa," Fundi alianza. "Anasema kuchelewa hakuku..."

"Najua. Niliiona picha kabla yake." Alikaa juu ya sanduku. "Siku zote nilijua. Sikukasirikia picha."

"Kwa nini hukuniambia ni yeye? Ningenyamaza. Ningelia nawe."

Dada alipapasa kufuli la sanduku.

"Mle ndani kila mtu alikuwa ananitazama kama yatima," alisema. "Kwako wewe peke yako, ulivyokuwa unaongea, mama alikuwa bado mzima. Nilitaka abaki mzima hata dakika mbili. Halafu ulipocheka kweli, nikakuchukia. Wewe hukukosa. Ni mimi niliyekuficha."

Fundi aliketi sakafuni, mgongo ukiegemea sanduku alilokalia dada. Walilia bila kutazamana.

"Naomba nije nanyi," alisema mwishowe.

"Hapana."

"Nije lini?"

Dada alimshika bega. "Njoo. Lakini usiharakishe. Sijamlilia mama vya kutosha, na nikiwa nawe nitajifanya nimepona."

Aliwapakilia masanduku. Baba alimpa mkono, akaushikilia muda mrefu kuliko desturi.

Mvua zilikuja zikaisha. Fundi hakupiga simu, aliandika tu mara moja moja: "Nipo." Naye dada alijibu: "Najua." Siku moja jibu lilikuwa jingine: "Baba anauliza kama shangazi yako anaweza kusafiri."

Fundi na shangazi walifika mchana. Shangazi alivaa gauni lake jema na uso wake mkali wa siku zote. Baba alifungua mlango, amekonda, nyuma yake nyumba ikiwa kimya. Dada alitokea, amenyoa nywele zote kwa msiba wa mama, akamtazama Fundi.

"Karibuni," baba alisema. Kisha, kwa kuwa ilikuwa kazi ya mtu mwingine kuwapokea wageni wa posa, na mtu huyo hakuwepo, alisimama pale mlangoni hajui awaketishe wapi.

Shangazi asiyejua mzaha alimpita taratibu, akaingia, akaanza kupanga viti.