Hukumu ya Nyigu

Kwaruu! Kwaruu! Kwaruu!

Sauti ilipenya hadi chini ya shuka. Jaji akadhani ni panya. Lakini panya gani huyu mwenye kucha kama jembe? Akajifunika mto kichwani. Kwaruu! ikarudi, na mara hii ikafuatwa na kikohozi. Panya hakohoi hivyo. Jaji akaruka kitandani.

Sebuleni alimkuta baba yake juu ya ngazi, anakwangua rangi ya zamani ukutani. Vumbi jeupe lilikuwa limemjaa nywele na nyusi. Baba alikuwa fundi rangi. Nyumba nyingi za mtaa ule ziling'aa kwa mikono yake, lakini kuta za nyumbani kwake zilikuwa zimebabuka kama mgongo wa mamba. "Kinyozi hajinyoi," mama alizoea kusema, "na mume wangu hapaki." Asubuhi ile, kabla ya kwenda kazini, mama alitoa viti vyote nje, na baba akabaki hana pa kukaa isipokuwa kwenye ngazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mheshimiwa. Chukua ufagio. Leo mahakama imefungwa, tunafanya kazi."

Jina la Jaji hakupewa na baba yake. Alipewa na watoto wenzake kwa sababu ya mchezo wa simu ulioitwa Ngome za Ukungu. Humo mlikuwa na mashujaa wa kila namna, na kila aliyetokea mpya, Jaji alimjaribu kwa mechi kumi kamili. Kisha alitoa hukumu: mbio zake zikoje, uhai wake ukoje, pigo lake likoje, anafaa au hafai. Utaratibu huo wa mechi kumi aliubuni mwenyewe. Akishasema, hakuna aliyebisha. Msichana wa miaka kumi na mbili kusikilizwa hivyo na wavulana wakubwa si jambo dogo, na Jaji alilijua hilo vizuri mno.

Ila alikuwa na tatizo moja: hakuweza kutulia. Hata akila, mguu wake ulicheza chini ya meza. Mama alisema mwanawe amezaliwa na siafu ndani ya soksi.

Juma hili shujaa mpya aliitwa Nyigu. Alikuwa mpiga upinde mwembamba, kavaa vazi la manjano lenye milia myeusi. Kwa mbio hakuwa na mfano, lakini alikuwa mwepesi wa kufa pia, ukimpigia chafya anaanguka. Mshale wake ulikwaruza tu, ila ncha yake ilikuwa na sumu.

Taratibu, mtoto wa fundi cherehani, alibahatika kumpata. Kijana huyo aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa na haraka na kitu, hata kujibu salamu. Alimpenda Nyigu, na alitaka kumtumia Jumamosi ijayo, siku ambayo timu yao ingepambana na watoto wa mtaa wa juu. Kelele, nahodha wa timu, alitaka Nyigu avunjwe. Katika mchezo ule, ukimvunja shujaa anatoweka moja kwa moja, na nguvu zake unampa mwingine. Kelele alitaka nguvu hizo ziende kwa Radi, mpiganaji wa nyundo aliyekuwemo pia kwenye simu ya Taratibu.

"Tusigombane," Kelele alisema. "Jaji ampime. Akisema avunjwe, anavunjwa."

"Sawa," Taratibu alijibu polepole. "Dada Jaji akisema, nitakubali."

Basi jioni iliyopita Jaji alichukua simu ya zamani ya mama, ile yenye kioo chenye nyufa, akaanza kumpima Nyigu wake mwenyewe, maana naye alibahatika kumpata. Katika mechi ya kwanza alisimama mbele ya jitu lenye ngao, akafyatua mishale. Jitu halikutikisika. Lilimsogelea, likampiga mara mbili, Nyigu akalala. Jaji akabonyeza "Toka". Mechi ya pili ikawa vilevile. Ya tatu hakuifikisha hata katikati. Simu ilipoandika "Umeshindwa", alisonya, akaenda kuruka kamba.

Sasa ufagio uko mkono mmoja na simu mkono wa pili, na ujumbe wa sauti wa Kelele unavuma sebule nzima: "Jaji! Tuko kwa fundi cherehani tunakusubiri! Hukumu iko wapi? Au umelala mahakamani?"

"Mwambie huyo apunguze sauti," baba alisema kutoka juu. "Ataniangusha."

Jaji alijua kwamba mechi saba bado. Alijua pia kuwa Kelele akisubiri sana ataanza kumcheka. Akatoka hadi barazani, akasogeza simu mdomoni.

"Nimemjaribu mechi kumi," alisema kwa sauti yake ya kihakimu. "Mbio anazo, lakini uhai wake ni karatasi na mishale yake ni vijiti vya kuchokolea meno. Hafai. Avunjwe."

Akatuma. Akaitia simu mfukoni, akarudi kufagia. 

Ukuta ulipokuwa safi, baba alipaka rangi ya kwanza, ya kijani hafifu. Aliposhuka kwenda kuosha uso, Jaji alibaki anautazama. Kulikuwa na mabaka, huku mepesi, kule mazito. Duh! Mama akirudi akute madoa haya? Akachukua rola, akaichovya, akaipitisha juu ya rangi ile mbichi. Rola ikanata. Ilipoondoka, iliondoka na rangi ya chini kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa, ukuta ukabaki uchi.

"Mtoto wewe!" Baba alisimama mlangoni, taulo shingoni. "Nani kakuambia urudie?"

"Ilikuwa mbaya, baba. Ina mabaka."

"Ina mabaka kwa sababu ni mbichi! Ikikauka inakuwa moja. Sasa umefanya pawe na kidonda." Akavuta pumzi. "Haya. Hakuna kugusa hadi nitakaposema. Kaa."

Baba akapanda tena ngazi kuukwangua ukuta wa pili. Kumwambia Jaji akae ni sawa na kumwambia kuku aogelee. Alikaa, akasimama, akachungulia nje, akakaa tena. Mwishowe alichukua simu ili vidole vipate kazi. Akamchagua Nyigu, bila sababu, maana ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha. Akafyatua mishale kwa maadui watatu waliokuja kwa pamoja, jitu lenye ngao likiwa mmoja wao. Akapigwa. Akalala. Kidole chake kilikuwa kinaelekea kwenye "Toka" wakati baba aliposema kwa nguvu:

"Shika ngazi! Weka simu chini, shika ngazi, inateleza!"

Jaji aliitupa simu kwenye kizingiti cha dirisha, akaikumbatia ngazi. Baba akashuka polepole, akaweka gazeti chini ya mguu mmoja, akaitikisa hadi akaridhika. Ndipo baragumu likalia kutoka dirishani. Jaji aliijua ile sauti. Mchezo ule ulipiga baragumu kwa mshindi peke yake.

Akachukua simu. "Ushindi", iliandika. Akarudisha nyuma picha za mechi, akatazama. Nyigu alikuwa amelala. Lakini wale maadui watatu, kila mmoja akiwa na mkwaruzo wake mdogo, walitembea hatua chache, wakageuka kijani, wakapiga magoti. Mmoja baada ya mwingine waliporomoka, hadi lile jitu lenye ngao likaanguka mlangoni mwa ngome yake.

 Sumu haikuwa na haraka. Ilichelewa, lakini ilifanya kazi hata baada ya mpigaji kuanguka. Na jana, kila mara alipobonyeza "Toka", alikuwa anaikimbia mechi kabla sumu haijaonyesha kazi yake. "Umeshindwa" ile haikuwa ya Nyigu, ilikuwa yake yeye.

Akajaribu tena, safari hii kwa kujilazimisha. Alikwaruza, akakimbia nyuma ya jiwe, akangoja. Mguu ulimcheza, jasho likamtoka, lakini alingoja. Maadui wakaanguka. Nyigu hakuguswa hata vazi. Shujaa huyu alitaka mtu mwenye subira. Alimtaka Taratibu.

"Baba, naomba nifike kwa fundi cherehani! Narudi sasa hivi!"

Alishatoka kabla baba hajajibu.

Alikimbia huku ndala zikimpiga visigino. Dukani kwa fundi cherehani, Kelele alikuwa amekaa juu ya mabunda ya vitambaa, na Taratibu kwenye kigoda karibu na miguu ya mama yake. Cherehani ilikuwa inanguruma.

"Huyu hapa mwenyewe!" Kelele alipiga makofi. "Jaji wa majaji! Tazama Radi alivyonona."

Jaji alitazama kioo cha simu ya Taratibu. Mahali pa Nyigu palikuwa na kivuli cheusi.

"Umeshamvunja?"

"Muda ule ule," Taratibu alisema. Alijaribu kutabasamu. "Nilikuwa nampenda, lakini basi. Asante, dada Jaji. Bila wewe ningeiangusha timu."

Ile asante ilimchoma kuliko mshale. Kelele akageuka. "Mechi kumi zote alikuwa mbovu, siyo?"

Jaji aliangalia sakafu, iliyojaa vipande vya nyuzi. Hakuna aliyejua. Hakuna ambaye angejua. Nyigu ameshatoweka, hawezi kutoa ushahidi.

"Ndiyo," alisema. "Zote."

Akaaga, akatoka. Alifika kwenye bomba la maji la kona, akasimama. Miguu ilitaka kwenda nyumbani, ikataka kurudi, ikataka kukimbia popote. Aliwaza jinsi atakavyoketi na watoto hawa Jumamosi, Taratibu akihangaika na Radi asiyemfaa, akipigwa, akilaumiwa, kisha akisema pole zake. Mtu aliyekuwa nyuma yake na ndoo akamwambia, "We mtoto, unachota au unasali?" Jaji akageuka, akarudi alikotoka, mbio.

"Nimedanganya," alisema kabla hajavuka kizingiti.

Cherehani ikanyamaza.

"Sikucheza mechi kumi. Nilicheza mbili na kipande, na hata hizo nilitoka kabla hazijaisha, nikaenda kuruka kamba. Leo ndiyo nimeona. Nyigu ni mzuri. Sumu yake inachelewa tu. Na alikuwa anakufaa wewe, Taratibu, kuliko mtu yeyote."

Kelele alishuka kwenye vitambaa kama aliyeketi juu ya sindano. "Unasema nini wewe? Tumemvunja! Harudi! Jaji gani wewe? Jaji wa kesi za kuku!"

"Ndiyo," Jaji alisema. "Hata za kuku siziwezi."

"Na ulivyojidai! 'Vijiti vya kuchokolea meno!' Kumbe ulikwenda kucheza kamba!"

 Taratibu alikitazama kile kivuli cheusi, akakigusa kwa kidole, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Machozi yalimlengalenga, naye hakuyafuta.

"Kelele, shusha pumzi," mama yake Taratibu alisema. Aliondoa mguu kwenye cherehani, akamgeukia Jaji. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Jaji zaidi. "Njoo hapa, mwanangu. Unakiona kitambaa hiki? Ni cha mteja. Ameniuliza kitatosha gauni. Mimi kwa jicho naweza kukisia, nimeshona tangu hujazaliwa. Lakini sikati mpaka nimepima. Unajua kwa nini?"

"Ili usikosee, mama."

"Kukosea nitakosea tu, mimi ni binadamu. Napima kwa sababu kitambaa si changu. Nikikata ovyo, mimi nitabaki na mkasi wangu, anayekwenda nyumbani analia ni mwenye kitambaa." Akamwangalia mwanawe, kisha Jaji. "Mtu anayeaminiwa kashika mkasi, mwanangu. Neno lake linakata. Siku hujapima, sema, 'Sijapima bado, ningojeni.' Watakaokucheka watacheka dakika mbili. Lakini umerudi mwenyewe kusema kweli, bila kukamatwa. Hilo nimeliona, na hawa wameliona. Sasa usiishie kwenye pole. Pole haivaliwi. Utamfanyia nini mwenzako?"

Jaji alifikiri. Hakuna pesa wala hila ambayo ingemfufua shujaa aliyevunjwa. Alitazama simu yenye nyufa mkononi mwake. Humo mlikuwa na Nyigu mwingine, mzima, na nafasi yake mwenyewe kwenye timu, nafasi aliyoingoja muhula mzima. Kelele naye alikuwa anaitazama simu ile ile, kama anayejua jambo ambalo mwingine ndiye anayetakiwa kulisema.

"Atahitaji wiki nzima ya mazoezi," Kelele alinung'unika mwishowe. "Na kila simu huandikishiwa mchezaji mmoja tu. Akiingia na simu yako, wewe huchezi."

"Najua."

Jaji alichuchumaa mbele ya kigoda. Kwa mara ya kwanza siku ile mguu wake ulikuwa umetulia. Aliiweka simu juu ya magoti ya Taratibu.

"Nitamwomba mama ruhusa leo, na akikubali nitakuletea simu hii kila siku baada ya kazi za nyumbani, ufanye mazoezi na Nyigu wangu. Jumamosi utamchezesha wewe, mimi nitakaa nyuma yako. Na wakiniuliza kwa nini Jaji hachezi, nitawaambia watoto wote wa mtaa wa juu, kwa mdomo wangu huu, sababu ni nini. Nakuahidi, Taratibu. Mama yako ni shahidi."