Unga wa Kabati Kuukuu

Unga wa chaki ndani ya beseni ulikuwa na shimo katikati, na shimo lenyewe halikuchimbwa kwa mkono. Lilikuwa laini, kingo zake zimelowa, kama sahani iliyorambwa na paka.

Mama Rangi aliinama akalitazama. Kazi yake ilikuwa kufufua samani zilizochoka. Alitwanga chaki, akazichekecha kwa kitambaa, akakoroga unga na maji mpaka ukawa uji mzito, kisha akaumimina ndani ya rangi ya maji ya ukutani. Rangi hiyo ilishika hata kwenye mbao zilizochakaa.

Safari hii chaki zilimpungukia. Alikuwa akipiga msasa kabati kuukuu alilolitoa kwenye nyumba iliyohamwa, na chini ya rangi ya kahawia akakuta tabaka nene jeupe, likitoa unga laini kuliko chaki. Akaufagia wote, akauchanganya na wake.

"Wifi, kwa ubahili huo siku moja utatupikia vumbi," alisema wifi yake, dada wa mumewe, mjane aliyekuja kukaa nao baada ya kufukuzwa na wakwe zake.

"Na wewe utakula, uombe na la kuongeza!"

Walicheka. Rangi ya kwanza ya mchanganyiko ule aliipaka meza ya fundi cherehani wa jirani, naye akaja kuichukua akiisifu. Lakini unga ule ulinuka udongo uliolowa mvua, na harufu haikutoka ndani ya nyumba hata madirisha yakiwa wazi.

Sasa shimo hili. Kesho yake likawa kubwa zaidi. Mumewe Mama Rangi, dereva wa lori, alikuwa safarini miezi mingi. Nyumbani walikuwa wao wawili tu. Na nani hula chaki na udongo kwa siri, kama si mwanamke mwenye mimba?

Akaanza kumchunguza. Wifi amevaa gauni pana: kwa nini? Wifi amekataa chai: kwa nini? Wifi anamtazama mdomoni, kisha anageuza uso haraka: kwa nini?

"Wifi," alimwambia wakiosha vyombo, "kama kuna jambo, niambie kabla sijaambiwa na majirani."

Sahani ikamponyoka mwenzake. "Labda wewe ndiye wa kuniambia."

"Mimi?"

"Basi, wifi. Yaishe."

Jibu lile lilimchoma. Akampigia mumewe simu: "Ukirudi, mtafutie dada yako pa kukaa." Wifi, aliyekuwa nyuma ya pazia, alisikia kila neno. Akaenda kufunga nguo zake kwenye kitambaa. Hakuwa na mlango mwingine duniani wa kubisha hodi.

Mchana ule mawingu ya mvua yalitanda, stoo ikaingia giza. Mama Rangi alijibanza nyuma ya mlango ili amkamate mlaji kwa macho yake. Akasikia ulimi. Ulikuwa ukiramba taratibu, kwaru, kwaru, kisha meno yakaanza kusaga, na sauti ile haikutoka kwenye beseni wala dirishani bali ilikuwa karibu mno, karibu kuliko ukuta, karibu kuliko nguo aliyovaa, hata alipotaka kupiga kelele akashindwa, kwa sababu kinywa chake kilikuwa kimejaa, na magoti yake yalikuwa sakafuni, na mikono yake yote miwili imelikumbatia beseni.

"Wifi." Sauti ilikuwa ndogo, kutoka mlangoni. "Nakuona kila siku."

Mama Rangi alitema unga. "Kwa nini hukusema?"

"Kaka yangu yuko mbali muda mrefu. Nilidhani una mimba ya mtu mwingine. Nikaogopa atakuacha." Wifi alijifuta machozi. "Uliposema nitafutiwe pa kukaa, nikaona bora niondoke tu, nisije nikaulizwa."

Mama Rangi alilichukua furushi la wifi yake, akalifungua kwa mikono yake iliyojaa weupe, akazirudisha nguo moja moja. Kisha wakamwita mganga.

Mganga alifukiza nyumba nzima, akawaamuru walitoe kabati uani walichome. Mbao zilipiga kelele kama mtu anayesaga meno. Mama Rangi akatapika matope meupe mpaka harufu ya udongo ikamwacha.

"Tabaka lile lilipakwa ili limfunge pepo," mganga alinong'ona. "Wewe umelisaga, ukamtoa. Unga wote uko hapa? Hakuna kingine ulichokipaka?"

Kabla hajajibu, hodi ikabishwa. Alikuwa fundi cherehani, amejifunika mdomo kwa leso.

"Samahani, Mama Rangi," alisema kwa aibu. "Ile meza nimeimaliza. Huna unga kidogo uliobaki?"