Ukurasa wa Mwisho wa Biblia ya Doringvlei

"Tangu mwaka 1794 nyumba hii haijapoteza hata kijiko," Jerome Arendse, mtembezaji na mshika funguo wa makumbusho ya shamba la Doringvlei, aliwatambia wageni, Ijumaa saa mbili na nusu asubuhi, akifunua kasha la Biblia ya akina Malherbe. Kisha akainama kutazama vizuri. Ukurasa wa mwisho ulikuwa umekatwa kwa wembe.

Ndio uliokuwa na majina ya watumwa wa shamba na mahali walipozikwa. Kesho yake kamati ya makumbusho ingeamua: uwanja wa nyuma ubaki makaburi, au uwe maegesho ya magari. Ushahidi mwingine haukuwapo.

Sajini Lena Plaatjies alifika saa tatu. Meneer, yaani Bwana, Pieter Malherbe, mrithi wa ukoo, alikuwa ameshasimama mlangoni na jibu lake tayari.

"Mwulizeni Katrien. Jana alikuwa humu peke yake."

"Nilikuwa napaka sakafu, Meneer," akasema Katrien, mtunza nyumba ambaye wote walimwita Tannie, yaani shangazi. "Nikamaliza saa saba mchana. Na Rosina, bibi wa bibi yangu, yumo kwenye ukurasa huo. Nijiibie kaburi mwenyewe?"

"Na wewe, Meneer?" Sajini aliuliza.

"Niliingia asubuhi, kabla hajapaka. Sikurudi."

Sajini akapiga magoti. Sakafu ilikuwa laini, ya kijani kilichokolea. Ila kutoka mlangoni hadi kwenye kasha palikuwa na mabaka sita, kila moja kama ukubwa wa kiatu, yamepasuka na kuchomoza mabua.

"Tannie, unapaka na nini?"

"Mavi ya ng'ombe, mwanangu. Haya mabaka ni ya farasi; nani kayaleta? Yanapasuka hata hujanawa mikono!"

Farasi pale Doringvlei walikuwa wa mtu mmoja tu.

"Uliikanyaga ikiwa mbichi, ukaziba nyayo kwa mavi ya farasi wako," Sajini alimwambia Malherbe. "Vizazi vinane mnatembea juu ya sakafu hii, na hamjui imepakwa nini."

Malherbe akatoa ukurasa mfukoni, taratibu. "Nilishindwa kuuchoma. Mtoto wa Rosina ameandikwa jina letu. Mnataka watalii wasome hayo?"

"Sisi kwetu tunajua siku zote, binamu," akasema Tannie Katrien.

"Na mlango uliufunguaje?" Sajini aliuliza.

Jerome akadakia. "Mimi nilifunga saa saba! Ufunguo haukutoka mfukoni mwangu, haki ya mama."

"Jerome." Tannie Katrien hakupandisha sauti. "Jana saa nane nilikuwa naanika matambara. Meneer alikuita tu, 'We kijana!', ukavua kofia, ukampa ufunguo kwa mikono miwili. Hata hukumwuliza wa nini."