Abiria wa Kiti cha Nyuma Kushoto

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na moja Machi mwaka 2025, saa nne kasorobo asubuhi, mpwa wangu Muteti aliponunua gari lile mjini Kajiado. Naitaja saa kwa sababu wako watu Kitengela wanaosimulia kwamba tulilichukua usiku, nyumbani kwa mganga. Hapakuwa na usiku wala mganga. Jua lilikuwa limewaka, akina mama walikuwa wakipanga nyanya sokoni, na mimi nilikuwa na kikombe cha chai mkononi.

Muteti alitaka gari la miezi michache tu. Mkewe, Nzula, alikuwa mjamzito. Watoto wao wawili wa kwanza walikuwa wamefia njiani kabla ya kuzaliwa, kati ya nyumba yetu iliyo ndani ya Kisaju na hospitali mjini Kitengela, kwa sababu gari la kukodi lilichelewa. Safari hii hakutaka kumngoja mtu. Angekaa na gari lake mpaka mtoto azaliwe, kisha aliuze kabla halijashuka bei.

“Mjomba, gari ya muda huchagui na macho yako,” aliniambia. “Unachagua na macho ya mwenye atakuja kununua kwako.”

Ndiyo maana akachagua Fielder nyeupe. Nyeupe haikosi mtu, na spea zake zinapatikana kila mji. Akapapasa milango akitafuta dalili za kugongwa, akachungulia chini, akanusa mafuta ya injini. Kazi yangu ilikuwa kumtazama muuzaji. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa tayari na wajukuu; nasoma polepole, na nyuso za watu nazisoma vivyo hivyo.

Muuzaji, mwanamume wa makamo aitwaye Lesiamon, hakuligusa gari hata mara moja. Alisimama mbali nalo, akamrushia Muteti funguo.

Dada yake, Soipan, alinivuta kando.

“Mzee,” alinong’ona, “chini ya kiti cha nyuma, upande wa kushoto, kuna nyasi imefungwa. Msitoe.”

“Ni ya nini?”

“Ya kumtuliza.”

“Kumtuliza nani?”

Akatazama chini. Kwao Wamaasai jina la marehemu halitajwi.

Njiani nilimweleza Muteti. Akacheka.

“Wacha ikae, mjomba. Siku ya kuuza nitaosha kila kitu.”

Juma la kwanza tuliona kwamba gari linaegemea kushoto, nyuma. Fundi Kivuva akabadilisha springi. Likaegemea tena.

“Mmebeba nini hapa?” akauliza.

“Hakuna kitu.”

Alifungua mlango ule, akatazama ndani, akaufunga taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu. Tangu siku ile hupita langoni kwetu bila kubisha.

Baadaye pakatokea alama ya mkono kwenye kioo cha mlango huohuo, upande wa ndani. Kiganja na vidole vinne. Kidole kidogo hakikuwapo. Muteti aliisugua kwa sabuni mpaka kioo kikalia. Asubuhi ilikuwa imerudi.

Lakini kilichonikosesha usingizi ni watoto. Tulisimama barabarani mchana mmoja kuwapisha mbuzi. Watoto watatu waliokuwa wakiwachunga wakalisogelea gari. Mtoto wa Kimaasai humsalimu mzee kwa kuinamisha kichwa ili mzee amguse utosini. Mimi, mzee pekee mle ndani, nilikuwa nimekaa mbele. Hawakuja kwangu. Walikwenda kwenye kioo cha nyuma, kushoto, wakainamisha vichwa, wakangoja.

Kisha mdogo wao akaanza kulia.

Kesho yake nilikwenda Kajiado kumtafuta Soipan. Alikuwa dukani kwake, peke yake. Hakunikaribisha kiti.

“Ni baba yetu,” alisema. “Alikuwa anapelekwa hospitali kutoka Loitokitok. Alikaa hapo nyuma. Lesiamon alikuwa na mtoto mchanga, mzee alikuwa hajamwona. Alisema asife kabla ya kumshika kichwa. Akafa njiani, mkono ukiwa umeinuliwa. Tulishindwa kuushusha.”

“Mkono gani?”

“Wa kulia. Ule wa vidole vinne. Kamba ya ng’ombe ilimkata akiwa kijana.”

“Sasa si angemshika mjukuu wake akatulia?”

Soipan akaufunga mlango wa duka.

“Alimshika,” alisema. “Ndugu yangu *alikuwa* na mtoto, mzee.”

Nyasi waliifunga baada ya mazishi ya mtoto huyo. Kwao nyasi ni amani, anayeishika hapigwi.

Nilimsihi Muteti alirudishe gari. Alikuwa akinisikiliza huku akimtazama Nzula, ambaye tumbo lilikuwa limeshuka.

“Nikirudisha leo, kesho tutabebwa na nini?” akasema. “Mjomba, mimi siogopi maiti ya mtu. Naogopa kuzika wa tatu.”



Uchungu ulimshika Nzula mwezi Juni, saa sita mchana, kabla ya wakati wake. Hapakuwa na gari jingine. Muteti akamlaza nyuma, kichwa upande wa kulia, miguu ameikunja. Kiti cha kushoto kikabaki wazi. Nikajiambia kwamba kiti chenye mtu hakikaliwi na mwingine. Nikaingia, nikakaa.

Sikukalia kiti. Nilikalia magoti.

Yalikuwa membamba, magumu, baridi. Muteti akaondoa gari. Nyuma ya sikio langu mtu alivuta pumzi. Kisha kitu kikapita juu ya bega langu, polepole, kikielekea tumboni kwa Nzula.

“Mjomba,” Nzula akanong’ona, “nani ameshika tumbo langu?”

Niliinama, nikaingiza mkono chini ya kiti, nikaipata nyasi. Nikaishika kwa mikono yote miwili. Kimaasai changu ni cha salamu tu, kwa hiyo nikasema kwa Kiswahili.

“Mzee mwenzangu. Huyu si wako. Tuachie.”

Bega langu likawa jepesi. Magoti hayakuondoka. Niliyakalia mpaka hospitali.

Mtoto akazaliwa hai, msichana, wakamwita Nthambi. Niliirudisha nyasi mahali pake, nikaifunga kwa mikono yangu.

Mwezi Agosti Muteti akapata mnunuzi, kijana wa Embulbul aitwaye Roy. Siku ile nilirudi kutoka kanisani nikalikuta gari uani, linameta. Alikuwa amelipeleka kuoshwa, viti vimeng’olewa, kila pembe imefyonzwa vumbi.

“Nyasi iko wapi?” nikauliza.

“Mjomba, si nilikuambia? Hakuna mtu atanunua gari iko na takataka.”

Roy alikuwa tayari akifungua milango. Akafungua wa mbele, wa kulia, kisha wa nyuma kushoto. Wakati huohuo Nzula akatoka nje, mtoto begani akilia, kuaga gari lililomwokoa.

“Rudi ndani!” nilimwambia. “Nzula, rudi!”

Gari likainuka. Niliona kwa macho yangu: upande wa kushoto ukapanda taratibu, likasimama sawasawa, kama gari ambalo abiria wake ameshuka.

“Imesimama poa,” Roy akasema.

Begani kwa mama yake, Nthambi akaacha kulia ghafla, akainamisha kichwa.

Wako wanaosema mtoto huyu alizaliwa na alama utosini. Wanakosea. Nilimshika siku aliyozaliwa. Alikuwa na nywele kichwa kizima. Zilinyonyoka asubuhi baada ya gari kuondoka, na ngozi iliyobaki wazi ina umbo la kiganja na vidole vinne. Wanaosema ni upele wanakosea pia. Daktari ameutazama utosi ule, akasema si ugonjwa anaoujua.

Na wanaosema kwamba mzee yule alikwenda Embulbul na gari, hao ndio wanaokosea zaidi. Roy alinipigia simu juzi kushukuru. Gari haliegemei popote, alisema.

Kila jioni naweka nyasi mbichi chini ya godoro la Nthambi. Kila asubuhi naikuta imelala kizingitini, imekauka. Na tangu Jumapili, kitanda chake kinaegemea kushoto.