Maji Yaliyogoma Kuzunguka

Saa sita mchana, katikati ya jangwa la kokoto, gari la mafuta na umeme lilikata nguvu, likajikokota kidogo, likanyamaza. Taa nyekundu iliwaka mbele ya Fundi aliyeshika usukani. Akachungulia chini ya boneti, akazima, akaenda kuuweka ufunguo hatua ishirini kutoka garini, ili gari lisije likajiwasha.

Njia hiyo ya mkato aliichagua kaka yake, dereva wa malori aliyeitwa Dizeli. Mama yao alikuwa kiti cha nyuma, midomo imemkauka. Maji ya kunywa yalibaki lita mbili.

Dizeli alifungua boneti tena, akanyoosha mkono kwenye nyaya nene za rangi ya machungwa. Fundi akamdaka kiwiko.

"Hizo usiguse, kaka! Zina umeme wa kuangusha ng'ombe, hata gari likiwa limezimwa."

"Basi tumwagie maji. Injini imechemka."

"Injini haina neno. Inveta, hiki kisanduku cha kugeuza umeme wa betri kubwa, ndiyo imezidiwa na joto, na ina maji yake ya kuipoza." Akaonyesha kitangi kidogo pembeni. "Tazama. Kimejaa."

"Sasa?"

"Kabla sijazima nilichungulia. Maji yalikuwa yametulia tuli. Hayazunguki. Ukiongeza ya mama, tutakufa kiu na gari litabaki hapa hapa."

Mama akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Mwache mwenzio afanye kazi."

Wakasubiri chuma kipoe. Nusu saa hiyo ilikuwa ndefu kama mwaka. Jua liliwachoma utosini, na Dizeli alizunguka gari kama kuku anayetaka kutaga. Kisha Fundi akachomoa waya wa betri ndogo, akaweka mawe magurudumuni, akajilaza chali akaingia uvunguni. Kokoto zilimuunguza mgongo. Akafuata mpira wa maji kwa vidole mpaka kwenye pampu, chini kabisa mbele. Jiwe lilikuwa limepasua soketi yake. Waya mmoja ulining'inia.

"Nimeupata!" alipaza sauti. "Huu ni wa betri ndogo, hauui mtu. Nipe kisu na utepe."

Jasho lilimwingia machoni. Akauchuna waya, akausokota na mwenzake, akauzungushia utepe mara tano, akaufunga mbali na mawe. Akatoka, akarudisha waya wa betri, akachukua ufunguo.

"Kaka, kaa kwenye kitangi. Macho tu, mikono nyuma."

Akawasha.

"Yanacheza!" Dizeli alipiga kelele. "Maji yanazunguka, mdogo wangu!"

Taa nyekundu ikazimika. Fundi aliendesha taratibu, akisimama kila baada ya muda kutazama kitangi, mama akinywa funda moja moja. Jioni waliona mahema ya wajenzi wa barabara, na tangi kubwa la maji.

Msimamizi alilitazama lile gari dogo lililojaa vumbi, kisha akamgeukia Dizeli. "Mzee, umelivusha vipi hili?"

Maisha yake yote Dizeli hakuwahi kukosa jibu la swali kama hilo. Akasogea kando.

"Muulize fundi wetu," akasema. "Mimi nilishika mikono nyuma."