Eksteno ya Mwalimu wa Kwaya

Ndugu zangu wa Makambako, nanyi wa Njombe mnaotuona sisi ni watu wa stendi tu, sogeeni hapa. Kisa hiki ni cha mlango wa jirani. Kikikugusa, kikuguse.

Nyumba ya Manase ilikuwa na amani. Jioni mkewe Emilia akitenga viazi, Priska, mdogo wake Emilia, akipepea jiko la mkaa, Manase alianzisha wimbo nao wakaitikia. Huyu Manase alikuwa mwalimu wa kwaya usharikani. Mchana alitunza kompyuta za kituo kimoja cha afya, jina nalihifadhi, na Priska alikuwa mapokezi palepale, akiandikisha wagonjwa.

Kwaya zetu zinapenda kujirekodi, hilo hatufichani. Video za sikukuu ya mavuno kule Njombe zilikuwa kubwa mno, kompyuta ya nyumbani ikashindwa. Manase akazipeleka kazini ndani ya eksteno, ile diski ndogo ya kuchomeka kwa waya, akaichomeka kwenye seva, kompyuta kuu inayotunza taarifa za wagonjwa wote. Ilikuwa marufuku. Lakini ufunguo wa chumba anao yeye, nani angemwona?

Kisha programu za seva zikasasishwa, na balaa likaanza. Kila ikizimika na kuwashwa, seva inaganda. Taa zinawaka, mbele haiendi. Wagonjwa wamejaa mabenchini, wamejifunika mablanketi kwa baridi, dirishani wanaambiwa neno moja tu: "Hakuna mfumo." Mama mmoja mwenye mtoto wa homa alisubiri hadi akalia.

Mganga mfawidhi, Daktari Hosea, akaja juu. "Manase, shida ni nini?"

"Mapokezi wanazima kompyuta yao vibaya, Daktari. Inaivuruga seva."

Maneno yalimtoka tu, kwa woga. Mapokezi alikuwa nani kama si Priska? Akasimamishwa kazi.

Siku hiyohiyo Manase akachomoa eksteno aende nayo mazoezini. Akawasha seva, ikapanda mara moja. Akashtuka. Akaichomeka tena, akazima, akawasha: ikaganda. Akachomoa: ikapanda. Programu mpya haikupatana na ile diski. Kila seva ilipoamka ilihangaika nayo kwanza, ikakwama hapohapo. Jibu alikuwa nalo mkononi, akalitia mfukoni.

Na hapa ubaya ukakomaa. Kwa kuwa eksteno haikurudi, seva ilitulia. Watu wakasema, "Mmeona? Priska katoka, mfumo umepona!" Uongo wa Manase ukapata mashahidi asiowaita.

Kutoka hapo hakukalika. Akikaa anasimama, akisimama anatoka nje, akianzisha wimbo anauacha katikati. Emilia naye aibu ilimfuata hadi sokoni. Mwishowe akamwambia mdogo wake, "Rudi kwa baba, kule Matamba. Umetutia aibu hapa mjini." Manase alisikia akiwa uani.

Ndiye aliyetumwa kumbebea begi hadi stendi.

"Shemeji," Priska akasema, "kabla gari halijaondoka nisaidie jambo moja. Nielekeze nilikuwa nakosea wapi kuzima. Nikipata kazi kwingine nisije nikawatesa wagonjwa tena."

Manase akaliweka begi chini. Maskini, binti wa watu alikuwa ameamini!

"Hukukosea," akasema. "Ni eksteno yangu. Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Siku uliyosimamishwa."

Priska alimtazama, akachukua begi lake, akapanda basi.

Manase alikwenda moja kwa moja kwa Daktari Hosea, akasema yote mbele ya wafanyakazi. Akanyang'anywa ufunguo. Priska akaitwa, akarudi kazini, lakini akapanga chumba kwingine. Emilia akamfuata kumbembeleza arudi nyumbani.

"Kazini nimerudi, dada," Priska akasema. "Kwako nitakuja kusalimia."

Emilia alirudi na macho mekundu, akamwambia mumewe, "Baba Eveline, umenifanya nimfukuze mdogo wangu kwa mdomo wangu mwenyewe." Mpaka leo Priska husalimia akiwa mlangoni. Ukimkaribisha chai anasema ameshakunywa.

FUNZO

Mashine ikigoma baada ya kusasishwa, chomoa kwanza ulichokichomeka wewe, uwashe, uone. Usikimbilie kumtafuta mkosaji kwa jirani. Na ukishajua kosa ni lako, liseme siku ileile, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alitaka aumbuliwe mwingine badala yake.

Nawe uliyesema "Priska katoka, mfumo umepona," umeshamwomba radhi? Yupo mapokezi kila asubuhi, na dirisha liko wazi.