Mche wa Sabuni Uliokonda

Kila akitoka shule, Povu alivua sare, akaitundika nyuma ya mlango, akavaa gauni lake kuukuu na kutoka uani. Huko alimkuta mama yake ameinamia mabeseni, mikono imezama hadi viwiko. Mama alifua nguo za watu, na kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Kaka yake Povu alichota maji na kupiga pasi. Povu mwenyewe alipewa kola na mikono ya mashati, maana vidole vyake vilikuwa vyembamba na macho yake hayapitwi na doa. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini mtaa mzima ulimwita Povu tangu alipokuwa mtoto wa kutambaa, akikamata povu kando ya beseni na kulitia mdomoni.

Sabuni yao ilikuwa ile ndefu ya kukata vipande, inayouzwa mche mzima ndani ya karatasi ya bluu. Miaka yote mche mmoja ulitosha nguo za wiki nzima. Sasa ghafla ukawa unaisha wiki ingali katikati.

"Povu, sabuni inakwenda wapi?" mama aliuliza siku moja.

"Si inaishia kwenye nguo, mama."

"Nguo ni zile zile na watu ni wale wale. Unaiacha majini inayeyuka?"

"Labda anapaka kwenye mkate," kaka alichokoza, pasi mkononi.

"Kaka, koma! Mama, mimi siichezei wala simgawii mtu."

"Mbona yule rafiki yako wa nyumba ya pili juzi kaanika nguo nyeupe pe? Kwao sabuni inatoka wapi?"

Povu alitaka kujibu, akalia. Tangu siku hiyo mama akawa anafungia sabuni kabatini, anamkatia kipande kidogo kidogo kama anampimia mgonjwa dawa. Mtoto anaaminiwa mashati ya watu, lakini haaminiwi kipande cha sabuni! Jambo hilo lilimkata maini.

Jumamosi alitumwa dukani kununua mche mwingine. Mwenye duka, mtu mnene mpenda utani, alimtolea mmoja kutoka kwenye boksi jipya. Povu akiwa anaupokea, jicho lake likaenda juu ya rafu. Pale kulikuwa na mche mwingine wa aina ile ile, karatasi imepauka na vumbi limejaa.

"Mjomba, ule mbona huuzi?"

"Ule ni pambo la duka, mwanangu. Uko pale tangu nikiwa na kiuno."

"Niteremshie niuone."

Povu akaiweka miche miwili sambamba juu ya meza. Karatasi ilikuwa moja, na picha ya yule mwanamke anayecheka ilikuwa moja. Hata urefu ulilingana. Lakini mche mpya ulikuwa umebonyezwa tumbo kwa chini, mahali ambapo mtu haangalii, na unene wake ulikuwa umepungua.

"Mjomba, huu umekonda!"

"Umekondaje? Bei ni ile ile." Mwenye duka aliiweka mizanini mmoja baada ya mwingine, akakuna kichwa. "Haki ya Mungu, sikujua. Mimi nauza kama ninavyoletewa."

Povu hakusubiri. Alikimbia nyumbani, akamshika mama mkono uliojaa maji na kumvuta mpaka dukani. Mama aliitazama ile miche, akaipima kwa mikono yake, mmoja huku, mmoja kule. Kisha akamgeukia binti yake mbele ya watu wote waliokuwapo.

"Nimekukosea, mwanangu. Nilikudhania mwizi, kumbe mwizi kavaa karatasi ya bluu. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama."

"Wangepandisha bei ningejua. Ningeguna, ningenung'unika, lakini ningejua! Hili la kunichekea kwenye picha huku wananipunja chini, hili ni changa la macho."

Jioni ile redio ilikuwa ikizungumza kama kawaida huku kaka akipiga pasi. Palikuwa na wanauchumi wawili wakijadiliana. Mmoja wao walimfahamu sana. Ni mteja wao, waliyezoea kumwita Bwana Uchumi, na yeye ndiye aliyewaletea nguo za wenzake wote wa ofisini. Mtangazaji aliwauliza kama serikali iwalazimishe wenye viwanda kutangaza wanapopunguza uzito wa bidhaa.

"Hapana," alisema Bwana Uchumi. "Kila sheria mpya ina gharama, na gharama hiyo atailipa mnunuzi. Watu wana akili. Mnunuzi ajichunguzie mwenyewe."

"Mnunuzi atembee na mizani mkobani?" yule mwanauchumi wa pili, mwanamke, alimuuliza. "Na yule mwenye kiwanda mwaminifu, asiyepunguza, ataonekana ana bei kubwa. Mwishowe waaminifu watafunga milango."

Povu aliruka kutoka kwenye kigoda. "Ajichunguzie mwenyewe? Mimi nimeitwa mwizi nyumbani kwetu kwa ajili ya sabuni hiyo, yeye anasema nijichunguzie!"

"Usipasue redio," kaka akasema. "Ni ya mkopo."

Povu hakucheka. Kesho yake alipewa mashati ya Bwana Uchumi kama kawaida. Aliyasuuza tu kwa maji matupu. Kola hazikuguswa na sabuni. Yalipokauka, kaka akayapiga pasi bila kutazama sana, na Povu akayakunja kwa ufundi, uchafu ndani, weupe nje. Akayapeleka mwenyewe, akaamkia kwa adabu, akaondoka. Njiani alikuwa akisema peke yake, "Ajichunguzie."

Siku mbili baadaye Bwana Uchumi aliingia uani na shati moja mkononi na furushi la mengine kwapani. Uso ulikuwa umemvimba kwa hasira.

"Mama Povu, nimeingia kwenye mkutano na kola ya kahawia! Wenzangu wameniuliza kama nalala mkaani. Nguo zetu zote za ofisi zinakuja hapa kwa sababu mimi niliapa kwamba hapa hapana ubabaishaji. Kama mambo ndiyo haya, kesho nazihamisha."

Mama alilitazama shati, akaona haya. Zikihamishwa nguo za ofisi nzima, beseni moja tu lingetosha, na beseni moja halilishi watu watatu. "Samahani sana, baba. Sijui imekuwaje."

"Ungejichunguzia mwenyewe," Povu alisema.

Kaka aliiinua pasi isije ikaunguza nguo.

"Umesemaje?" Bwana Uchumi aliuliza.

"Ulisema redioni. Mnunuzi ajichunguzie mwenyewe. Wewe hukukunjua shati, kosa letu liko wapi?"

"Povu!" Mama alisimama wima, maji yakimchuruzika. "Ulijua? Ulijua kola hizi ni chafu ukazikunja?"

Povu aliinamisha kichwa. "Nilijua. Kiwanda kinatupunja na yeye anakitetea. Nikaona na mimi nimpunje."

"Lete beseni," mama alisema, na sauti yake haikuwa ya kubishiwa. "Yalete yote. Baba, kaa hapo kwenye kigoda. Atayafua upya mbele ya macho yako, bila malipo. Ukitaka kutuhama baada ya hapo, utuhame na nguo safi."

Povu alifua. Alisugua kola mpaka vidole vikawaka, machozi yakidondokea kwenye povu. Taratibu hasira ikaanza kumtoka Bwana Uchumi. Akauliza ni kiwanda gani hicho kinachopunja. Mama akamletea miche miwili, maana ule wa zamani alikuwa ameuazima dukani.

Aliishika, akaigeuza chini juu. "Bei bado nasema serikali isiishike," alianza. "Ikilazimisha sabuni iuzwe rahisi kuliko inavyotengenezwa, mtaitafuta madukani hamtaiona."

"Nani kazungumza bei?" mama alidakia. "Waongeze hiyo bei, niione! Mimi nasema wamenificha."

"Hapo ndipo yule mwenzangu aliponibana redioni, nikateleza. Nikisema mnunuzi achague, lazima ajue anachochagua." Akamtazama Povu. "Nilikosea hapo. Lakini wewe, binti, ulinipa uchafu uliokunjwa vizuri. Wewe na kiwanda mnatofautiana nini?"

Povu akarudi kwenye beseni, akaisugua tena kola ya mwisho.

Jumatatu iliyofuata, alasiri, gari la kiwanda lilipoleta sabuni, mama alikuwa anasubiri dukani pamoja na wafuaji wengine wa mtaa, Povu ubavuni pake. Bwana Uchumi naye alisimama nyuma yao. Mama alimwomba mwenye duka aweke miche yote miwili mizanini ili msambazaji aone.

Msambazaji, kijana aliyejipulizia manukato, aliangalia akacheka. "Ah, mama zangu, biashara ndiyo hiyo. Hata nyie wafuaji mnapunguza sabuni kwenye nguo za watu. Nani asiyejua?"

Povu aliikumbuka ile kola ya kahawia. Alitamani ardhi immeze.

Lakini mama hakuinamisha uso. "Kwangu ilitokea mara moja," alisema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Nilifua upya, bure, mbele ya mwenye nguo. Mwenyewe huyu hapa nyuma yangu, muulize. Haya, na nyie mliotupunja, mnaturudishia lini?"

Bwana Uchumi akaitikia, "Ni kweli, na nguo zangu bado ziko kwake."

Mwenye duka akayasukuma maboksi yote kuelekea garini. "Rudi nayo. Waambie wenzako, wakipunguza waandike mbele, kwa herufi ambazo hata mimi bila miwani naziona. Mpaka siku hiyo nitauza ya kiwanda kingine." Na jioni hiyo Bwana Uchumi alirudi redioni, akasema kwamba bei aachiwe muuzaji, lakini anayepunguza uzito alazimishwe kusema.

Lakini kabla ya hapo, njiani kutoka dukani, Povu alimshika mama mkono. "Mama, aliposema vile nilidhani tumekwisha."

"Tungekwisha kweli, kama ungeniacha sijui, au kama mimi ningejua nikanyamaza. Anayekupunja anaomba sana na wewe uwe mpunjaji, ili ukimfuata kudai haki yako akuchekee usoni. Kasirika, mwanangu. Dhuluma ni ya kukasirikia, na mimi bado nimekasirika. Ila nenda kadai ukiwa msafi."